Kidomo Kilichozibuliwa

Kidomo kilikuwa na joto. Vingine vyote kwenye sinia la fundi vilikuwa baridi, kama chuma chochote kinavyokuwa asubuhi kabla jua halijafika dirishani, lakini hicho kimoja, cheusicheusi kwa uzee, kilikaa kwenye kiganja cha Ngurumo kama yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku. Alikirudisha, akashika kingine, kisha akakishika tena. Joto bado lilikuwepo.

"Hiki ulikianika juani?" aliuliza.

"Jua gani?" Fundi Shaba alijibu bila kuinua kichwa. Alikuwa akinyoosha tarumbeta iliyobonyea kwa nyundo ya mbao. "Chagua, mama. Usipapase kama unanunua nyanya."

Wengi wanadhani tuba ni tuba tu, bomba kubwa linalonguruma nyuma ya wenzake. Sivyo. Sauti ya tuba inazaliwa kwenye kidomo, kile kikombe kidogo cha chuma ambacho mpigaji hukibana midomoni na kukitetemeshea. Kikiwa kipana na kirefu, sauti inatoka nene, ya kufika ng'ambo ya uwanja. Ngurumo alikuwa nacho cha namna hiyo tangu alipoajiriwa bendi ya gwaride, na ndicho kilichompa jina. Kwa mazishi ya wakubwa na siku za bendera hakikuwa na mpinzani. Lakini sasa alitaka kupiga jazi, na besi ya jazi inatembea, inaruka, inageuka njiani na kukukonyeza. Kupiga jazi kwa kidomo kile ni sawa na kucheza dansi umevaa gambuti.

Alikuwa amechoka, huo ndio ukweli. Maisha yake yote ya kazi alipiga alichoandikiwa na mtu mwingine, kwa ajili ya mtu mwingine aliyekufa au aliyepandishwa cheo. Kisha bendi ya jazi ya mtaani ikaondokewa na mpiga besi wake, na kiongozi wao, mpiga piano waliyemwita Kimya kwa sababu hanyamazi, akamwambia: njoo ujaribu mpaka Jumamosi, siku ya onyesho ukumbini. Ukishindwa, kuna kijana wa gitaa la besi anasubiri mlangoni.

Kwa hiyo alichagua kwa makini. Kidomo cha kwanza kikombe chake kilikuwa kifupi mno, tuba ikalia kama mbuzi anayedai chumvi. Cha pili ukingo ulikuwa mwembamba, ukamkata mdomo. Cha tatu shina lake halikukaa vizuri kwenye bomba, hewa ikavuja pembeni. Alijaribu kadhaa vya namna hiyo huku Fundi Shaba akikunja uso. Mwisho akachomeka kile chenye joto, akavuta pumzi, akapuliza.

Nyundo ya fundi ilisimama hewani. Sauti ilitoka nyepesi na nzito kwa pamoja, kila noti ikishuka mahali pake bila kusukumwa. Ngurumo alipiga mstari mzima wa besi akacheka mwenyewe kwa furaha, kwani alikuwa amesikia kwa mara ya kwanza kile ambacho kichwa chake kilikuwa kikipiga siku zote.

"Nimekisafisha juzi tu," alisema Fundi Shaba, taratibu. "Kilikuja kwenye gunia la vyuma chakavu. Nenda nacho, tutazungumza baada ya onyesho."

Ngurumo na mumewe waliishi kwenye vyumba viwili na jiko. Mume alikuwa mwokaji mikate. Alikanda unga usiku kucha, akarudi alfajiri na vumbi la ngano masikioni, akalala hadi alasiri. Pua yake ilivunjwa na mlango wa tanuri enzi za ujana wake, na tangu hapo akilala alikuwa akipiga mluzi mwembamba kila anapovuta pumzi. Mke aliuzoea mluzi ule kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Kwa kuwa mtu amelala, tuba haikupigwa nyumbani mchana. Ngurumo alifanya wafanyavyo wapigaji wote: alifunga mlango wa jiko, akashika kidomo peke yake bila bomba, akatetemesha midomo ndani yake polepole, kikatoa mvumo wa nyuki chupani.

Somo la Kimya lilikuwa moja. "Gwaride linajaza kila pigo, maana askari asiposikia kitu anasimama. Jazi si gwaride. Sema neno lako, kisha nyamaza, mwenzako ajibu. Usiogope nafasi." Mwenyewe aliyasema hayo mpaka chai yote ikapoa mezani.

Kule jikoni Ngurumo akasema neno lake, noti chache za chini, halafu akakishusha kidomo, akanyamaza, akihesabu kwa kidole cha mguu. Na katika ile nafasi, kutoka kwenye kidomo kilichokuwa mkononi mwake, mbali na midomo yake, likatoka jibu.

Lilikuwa jembamba na la chini, na lilikuwa kwenye ufunguo uleule wa noti zake. Alitazama sufuria ukutani, maana sufuria nazo huitikia. Akapiga tena, akaacha nafasi tena. Jibu likaja refu zaidi, na tamu zaidi, na jiko likanuka harufu ya sarafu zilizoshikwa na kiganja chenye jasho. Mtu mwingine angekitupa kidomo dirishani. Ngurumo hakukitupa, kwani kwa mpiga muziki hakuna raha kama kujibiwa vizuri, akaendelea hadi midomo ikafa ganzi.

Alasiri mumewe alitoka chumbani ameshika kifua.

"Leo jinamizi limenikalia," alisema. "Mchana kweupe. Halina hata adabu."

"Umekula nini?"

"Nimekula ulichopika. Ndiyo maana nasingizia jinamizi."

Wakacheka, lakini kicheko cha mume kiliishia kwenye kikohozi kirefu. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na siku iliyofuata akaamka na weusi chini ya macho, akasema labda ni vumbi la unga.

Siku ya mazoezi ya mwisho bendi nzima ilikaa ukumbini, viti vimeachwa wazi, madirisha yamefunguliwa kwa joto. Ngurumo alipiga kama hajawahi kupiga. Alisema neno, akanyamaza, na besi ikajijibu yenyewe kutoka ndani ya bomba wakati midomo yake iko mbali. Mpiga saksafoni akageuka kumtazama. Mpiga ngoma akatikisa kichwa na kutabasamu, akidhani ni ufundi. Kimya alisimama kwenye piano huku vidole vikiendelea kupiga, akapaza sauti juu ya muziki, "Basi. Kiti ni chako. Huyo kijana wa gitaa nitamwambia mwenyewe." Moyo wa Ngurumo ulijaa hadi ukauma. Akaacha nafasi nyingine, ndefu kuliko zote, ili asikie tena.

Jibu lilipoanza, mbele yake ulitangulia mluzi mwembamba.

Aliujua. Angeujua hata sokoni, hata kaburini. Ilikuwa ile pua iliyovunjwa na mlango wa tanuri, ikivuta pumzi, na pumzi hiyo ilikuwa inatokea ndani ya tuba yake. Aling'oa kidomo, akaiacha tuba imelala kitini, akatoka mbio katikati ya wimbo huku Kimya akimuuliza anakwenda wapi wakati amekwisha kukubaliwa.

Alimkuta mumewe sakafuni kando ya kitanda, macho wazi, midomo rangi ya majivu. Alimwinua, akampiga mgongoni, akamwita kwa majina yote aliyowahi kumwita tangu uchumba. Mwisho hewa ikamwingia kwa kishindo.

"Kilikuwa kinanivuta," alinong'ona alipoweza. "Kama mtu anayekunywa soda kwa mrija. Kinavuta, kinatulia, kinavuta. Mke wangu, kilikuwa kinafuata mdundo."

Ngurumo alimwomba jirani akae naye na asiache kumsemesha, akaenda kwa Fundi Shaba. Aliweka kidomo juu ya meza yake. Fundi hakukigusa.

"Kilikuwaje kilipokuja?" aliuliza Ngurumo. "Niambie kweli."

Fundi alifunga mlango kwanza. "Koo lake lilikuwa limezibwa," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa, penye tundu. Nta, na ndani ya nta uzi mwekundu umepigwa mafundo mafundo. Mimi kazi yangu vyombo vya kupuliza. Vinakuja na mate ya miaka, na mende, na hata meno. Nikaona ni uchafu. Nikachemsha maji, nikapitisha waya, nikazibua."

"Hukuuliza mtu anafunga mafundo ya nini kwenye uchafu?"

"Sikuuliza," alisema fundi, akaufungua mlango tena. "Usikiache hapa, mama. Nina watoto."

Ikabaki shangazi. Shangazi wa mwokaji alishona nguo na kutoa majini, na mwenyewe alisema kazi zote mbili ni kujua uzi umeanzia wapi. Alifika siku ileile na sindano zikiwa bado zimechomekwa kifuani mwa gauni. Alikaa kitandani miguuni kwa mpwa wake, akaanza kusoma maneno yake ya kufukuza jini. Alisoma vizuri, kwa sauti tulivu, mpaka alipotua kumeza mate. Katika kule kutua, kitu kikamalizia sentensi yake. Hakikutamka maneno, kilivuma tu, kwa sauti ileile ya shangazi, na mwokaji akakabwa. Shangazi aliendelea upesi na kile kitu kikanyamaza, lakini kila alipopumua kilikuwepo kikimsubiri, na harufu ya sarafu ikazidi chumbani hadi wakaionja mdomoni.

"Semeni," shangazi alinong'ona. "Semeni chochote. Msinyamaze."

Wakasema. Mwokaji alieleza namna ya kuamsha hamira, mkewe akaeleza gwaride la siku ya mvua iliyozoa kofia ya mkuu wa kikosi, shangazi akataja wateja wake wote wanaodai wamepungua unene ilhali nguo zinabana, wakipokezana bila kuacha upenyo, na kila mmoja alisikia chini ya maneno yake jinsi kile kitu kilivyokuwa kikihesabu, kikingoja mmoja wao akohoe, au asahau neno, au atafute la kusema akose.

"Hakikai tena kwenye chuma," shangazi alisema kwa haraka, bila kituo. "Hata ukikitupa hicho kidomo ni bure, kimejifunza pumzi za nyumba hii na sasa makao yake ni kimya chenu, uliacha nafasi ukakikaribisha na mwenye nyumba akikaribisha nani atafukuza, kwa hiyo uza tuba, hameni, na huyu asilale peke yake siku zote za maisha yake, mtu awe anamsemesha hadi asubuhi."

"Hadi asubuhi ya lini?"

"Ya mwisho."

Hapo ndipo hofu ya Ngurumo ilipogeuka hasira. Alikikaribisha kama mgeni, naam, na mgeni akamla mwenye nyumba. Sasa yeye ndiye ahame? Aache tuba, aache jazi aliyoionja kwa siku chache baada ya maisha mazima ya kupiga mazishi ya watu, na mumewe alale akisemeshwa kama mgonjwa wa akili, ili jini likae kwa raha?

"Siuzi kitu," alisema. "Wala sihami. Shangazi, kinaingia kwa pumzi, si kitatoka kwa pumzi?"

"Kitatoka kikipata pa kwenda. Kitu kama hicho hakiendi nje. Kinaingia kwa mtu."

"Mtu yupo."

Shangazi alimwelewa, na kwa mara ya kwanza akasahau kusema. Mvumo ukapenya palepale, mwokaji akakakamaa, na shangazi akalazimika kuanza kuimba hesabu za vipimo vya mabega.

Mpiga ngoma alikuwa ameshaileta tuba mlangoni akitaka kujua kulikoni, akarudishwa bila maelezo. Ngurumo alikaa miguuni mwa kitanda, jua la jioni likiwa bado ukutani, akachomeka kidomo. Kilikuwa cha moto sasa, kikachoma midomo.

"Unaweza kukataa," alimwambia mumewe. "Nitaacha nafasi. Itakubidi uivumilie kidogo."

"Nimeingiza mkono tanurini tangu nina miaka kumi na minne," alisema mwokaji, sauti imeisha. "Nitaogopa upepo? Piga, ila usikosee. Utanizika na bendi ya gwaride, na mimi siwapendi."

Akapiga. Alisema neno lake kwa noti zile za chini za jikoni, ambazo kile kitu kilizijua, kisha akanyamaza, na shangazi naye akanyamaza, na nyumba nzima ikanyamaza, na katika kimya kile mluzi wa mumewe ukaanza kutoka ndani ya bomba, ukifuatwa na jibu refu tamu lisilokuwa na haraka, jibu la kitu kinachojua kwamba kimekaribishwa, huku mwokaji akijipinda kitandani na mikono yake ikishika shuka na midomo ikirudi kwenye rangi ya majivu, na kila kilichokuwa ndani ya Ngurumo kilimwambia apige, apige chochote, ajaze nafasi ile kwa kelele hadi kifo, lakini hakupiga. Alibana midomo kwenye ukingo uliomuunguza na badala ya kupuliza akavuta. Alivuta kama hakuna mpigaji yeyote aliyewahi kufundishwa kuvuta, kinyumenyume, kupitia koo lililozibuliwa, na kitu kikashika pande za bomba kikikataa, kikakwaruza, kikalia kwa sauti ya shangazi na ya saksafoni na ya yeye mwenyewe, kikamwambia waziwazi ndani ya meno yake kwamba kiti kitapotea, kwamba bila hicho besi yake ni ya makaburini tu, kwamba kitachukua kidogo sana, pumzi moja moja za mtu aliyelala, nani atajua, na yeye akazidi kuvuta, mbavu zikapanuka kupita mwisho wake, kwani kifua alikuwa nacho, miaka yote ya gwaride ilimpa kifua cha watu wawili, mpaka kitu kikaachia bomba na kumwingia chote kwa mkupuo, kichungu kama ulimi kwenye betri.

Akafunga mdomo.

Kitandani mwokaji alivuta hewa, akaitoa, akavuta tena na mluzi wake. Chumbani kimya kikakaa, na hakuna kilichokijibu. Ngurumo aligusa kidomo, kilikuwa baridi.

"Kiko wapi?" shangazi alinong'ona.

Ngurumo alijigonga kifuani. "Hapa. Kinatafuta mlango."

"Hakitaacha kutafuta, mwanangu. Utakibeba hadi lini?"

"Hadi nikichoke mimi," alisema. "Sikuanza leo kubeba vitu vizito."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwokaji aliomba ruhusa kazini, akaketi mstari wa mbele amevaa shati lililopigwa pasi, shangazi pembeni akimkagua kila alipopumua. Kimya alimwonya Ngurumo asikimbie tena, akamwonya kwa maneno mengi, na Ngurumo akachomeka kidomo kilekile, kwa sababu alikuwa amekichagua na hakuwa tayari kuchaguliwa kingine na jini. Noti za kwanza zilimtoka ngumu. Hakukuwa na wa kumsaidia sasa. Alikosea moja, akaikosea tena kwa makusudi ili ionekane ni mtindo, mpiga ngoma akaishika, akaifanya ngoma. Besi ikaanza kutembea. Haikuwa tamu kama ya mazoezi, ilikuwa na magoti na visigino, lakini kila hatua ilikuwa yake.

Kisha ikafika zamu yake. Bendi yote ikanyamaza kumwachia. Alisema neno lake, akashusha kidomo, akaacha nafasi, na akaiacha kubwa, mbele ya watu wote, huku akimtazama mumewe. Kifua cha mumewe kilipanda, kikashuka.

Ndani ya mbavu zake kitu kilisogea. Kiligusa huku, kikagusa kule, kikapanda hadi shingoni. Hakikuwa tena na sauti ya mtu yeyote. Kilikuwa na sauti ndogo, ya kwake chenyewe, ya kitu kilichorudishwa gizani bila kujua lini kitatolewa.

"Nifungulie," kilimwomba. "Sitarudi. Nifungulie tu."

Kimya alikuwa ameinua vidole juu ya piano, anasubiri. Ukumbi mzima ulikuwa umebana pumzi. Ngurumo alilamba midomo iliyobabuka, akainamisha kichwa kama mtu anayesawazisha kola, akakijibu kwa mnong'ono.

"Nyamaza," alisema. "Watu wanasikiliza."

Kisha akapiga.